Korogocho: Fidla zaliapo kando ya jaa

MSOMAJI, ukitaka kufika Korogocho bila kupotea, anzia Ngara, upite Pangani, kisha uishike barabara ya Juja wala usiiache. Upande wako wa kushoto utaviona vibanda vya Mathare vikiteremka bondeni hadi mtoni. Upande wa kulia ni ukuta mrefu wa kambi ya wanahewa. Songa mbele hadi mzunguko wa Kariobangi, pale barabara hii inapokutana na ile ya Outer Ring. Hapo ndipo utingo atakapokutazama viatu, halafu uso, akuulize kama kweli unakujua unakokwenda.

Usimkasirikie. Ni kilomita 11 hivi tu kutoka katikati ya jiji, lakini wako Wanairobi chungu nzima, wazaliwa wa Buruburu na Langata, ambao hawajawahi kukanyaga huku na wala hawana nia. Wanachokijua kuhusu Korogocho ni kile wanachosoma magazetini, nasi waandishi tunaungama kwamba habari za huku aghalabu huwa za chang'aa, bunduki na moto.

Jina lenyewe halikuuletea mtaa bahati. Mtajie Mswahili yeyote neno makorokocho, naye atadhani unazungumzia vile vitu vibovu vinavyorundikwa nyuma ya nyumba vikisubiri siku ya kutupwa. Wakazi wengi wa mwanzo hawakuja kwa kupenda. Katika miaka ya 1970 na 1980, watu walioondolewa kwenye vibanda vilivyokaribiana na katikati ya jiji walielekezwa huku, wakajenga kwa mabati, mbao na udongo, wakakaa. Vijiji vyao wakavipa majina: Grogan, Nyayo, Ziwani, Gitathuru, Kisumu Ndogo. Kimoja kinaitwa Highridge. Yeyote yule aliyekipa kijiji cha mabati jina la mtaa wa wenye nazo kule Parklands, bila shaka alikuwa mcheshi.

Barabara za ndani siku hizi zina lami. Italia iliidai Kenya, na katika mapatano ya mwaka 2006 serikali hizo mbili zilikubaliana kwamba sehemu ya deni hilo isirudishwe Roma bali itumike kwa miradi ya maendeleo humu nchini. Korogocho ikapata fungu lake. Basi unapokanyaga lami ile, unakanyaga deni lililosamehewa.

Kabla hujaliona jaa la Dandora utalinusa. Liko ng'ambo ya pili ya mto Nairobi, nalo limekuwa likipokea takataka za jiji zima tangu miaka ya 1970. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Kwa miaka mingi baada ya tangazo hilo malori yaliendelea kumimina, na watu wakaendelea kuchambua: huyu chupa, yule vyuma, mwingine karatasi za nailoni, na wengine chakula kilichotupwa na hoteli na ndege. Korongo husimama katikati yao kama wazee wa baraza.

Moshi wa jaa hilo si wa kuni. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu papa hapa Nairobi kule Gigiri, lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 328 wenye umri wa miaka miwili hadi 18 wanaoishi na kusoma karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kinachokubalika. Mtaani humu, msomaji, neno risasi lina maana mbili, na zote mbili huwamaliza watoto; moja upesi, nyingine polepole.

Sasa nyamaza kidogo usikilize. Karibu na jaa hilo lipo kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, na katika ua wake ipo shule. Siku ya mazoezi, utakapokaribia lango, utasikia sauti ambayo pengine hukuitarajia. Kwanza utadhani ni paka wanaogombana. Ukisogea utagundua ni fidla, tena nyingi, mikononi mwa watoto ambao bado hawajaizoea. Chumba cha pili kuna tarumbeta. Kule pembeni, mtoto amelikumbatia chelo linalomzidi kimo, amelikazia macho kana kwamba litamtoroka.

Hawa ni wanafunzi wa mradi unaoitwa Ghetto Classics. Ulianza mwaka 2008, na mwanzilishi wake ni Elizabeth Njoroge, mama aliyesomea ufamasia kisha akaacha dawa akafuata muziki. Kanisa lilitaka kitu cha kuwafaa watoto wa mtaa, naye alichokuwa nacho ni muziki, tena ule wa Ulaya wa kina Mozart na Beethoven. Wako waliocheka. Kikundi kilianza na watoto wachache. Kimekua kikapita watoto elfu moja, kikatoka Korogocho kikafika mitaa mingine na hata Mombasa.

Nilivyoona mimi, la ajabu zaidi si Mozart. Ni pumzi. Mwalimu wa tarumbeta au wa klarineti, popote duniani, humwambia mwanafunzi avute pumzi ndefu, aijaze hadi tumboni, aitoe kwa utaratibu. Hapa mwanafunzi huivuta pumzi hiyo mita chache kutoka jaa linalofuka moshi. Hakuna noti iliyoandikwa ya kueleza jambo hilo.

Najua unalotaka kuuliza, msomaji, kwa sababu kila mgeni huliuliza, na wazazi wa mtaani waliliuliza kabla ya wageni: mtoto atakula fidla? Ni swali la haki. Fidla ya kujifunzia, hata ile ya bei ya chini, inaweza kumeza kodi ya miezi kadhaa ya chumba cha mabati. Mama anayefulia watu nguo Buruburu ili jioni arudi na unga na sukumawiki ana haki ya kushangaa pesa kama hizo zikining'inia shingoni mwa mtoto. Je, si afadhali angepewa unga?

Jibu la haraka ni kwamba aliyetoa fidla hakuwa na nia ya kutoa unga. Pesa za sanaa zina tabia hiyo. Hutoka kwa mtu aliyeguswa na wimbo, na mtu huyo huyo ukimwonyesha orodha ya unga, mafuta ya taa na karo, atakupa pole na kwenda zake. Kwa hivyo wenye mradi hufanya hesabu zao kwa hila. Mtoto akija kwenye mazoezi anakuja kwenye ua ulio salama, mbali na jaa na mbali na makundi ya wavulana wakubwa. Nyuzi za fidla zinakatika kila siku na lazima zinunuliwe. Vyombo vinahitaji fundi, na mafundi wa chelo Nairobi si kama mafundi wa baiskeli. Kunahitajika basi la kuwapeleka watoto kwenye onyesho na kuwarudisha kabla usiku haujaingia. Kisha wako walimu.

Hapo kwenye walimu ndipo pesa za muziki zinapoanza kufanana na unga. Wanafunzi wakubwa waliohitimu hufundisha wadogo, nao hulipwa kitu. Kijana wa Korogocho anayelipwa kwa kumfundisha mwenzake jinsi ya kushika upinde, huyo ana kazi. Si kazi ya kumtajirisha, lakini ni kazi yenye ujuzi, na ujuzi huo hauwezi kuporwa usiku kichochoroni kama simu.

Pesa zenyewe zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kwenye ala nyingine, saksafoni. Bob Collymore, mzaliwa wa Guyana aliyeongoza kampuni ya Safaricom tangu 2010, alikuwa mpenzi wa jazi wa kupindukia. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilianzisha tamasha la jazi mjini Nairobi, ikawaleta wapigaji mashuhuri kutoka nje na kuwachanganya na wetu wa hapa. Mapato ya tikiti yakaelekezwa Ghetto Classics. Watu waliokuwa wamekaa kwenye nyasi na vikapu vya chakula, wakitikisa vichwa kwa mdundo, walikuwa wakinunua nyuzi za fidla za Korogocho, wengine hata bila kujua. Watoto wenyewe pia walipanda jukwaani na kupiga.

Ulikuwa mpango mzuri, na mimi sina neno baya kuuhusu. Lakini tuulize swali la pili. Collymore alifariki Julai mosi, 2019. Miezi minane baadaye, Machi 2020, ugonjwa wa Korona uliingia nchini na serikali ikapiga marufuku mikusanyiko. Kote nchini majukwaa yalinyamaza. Jaa halikunyamaza. Mtoto aliyekuwa akingoja nyuzi mpya alibaki Korogocho ileile, na fidla yake kama anayo. Mradi haukufa, na hilo ni la kushukuru. Lakini yeyote anayetaka kupigana na umaskini kwa nyimbo hana budi kuujua udhaifu huo. Tamasha ni siku moja. Njaa ina kalenda nzima.

Jambo hili si geni duniani. Agosti mosi, 1971, George Harrison wa Beatles na mwalimu wake wa sitar, Ravi Shankar, walifanya maonyesho mawili katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York kuwasaidia wakimbizi wa Bangladesh. Ndiyo yanayotajwa kuwa mama wa matamasha yote makubwa ya kuchanga fedha. Mapato ya mlangoni, kiasi cha dola 243,000, yalikwenda kwa shirika la watoto la UNICEF. Lakini pesa nyingi zaidi zilikuwa katika sahani za santuri na filamu ya onyesho hilo, na hizo zilikwama mikononi mwa watoza kodi wa Marekani kwa miaka mingi kwa kuwa mambo hayakuandikishwa mapema kama kazi ya hisani. Waimbaji waliimba bure na watu wakalia machozi. Mkimbizi naye aliendelea kungoja karani mmoja afunge faili.

Nasi tusijione wajanja. Sisi Wakenya tulikuwa tukichanga kwa ngoma zamani sana. Nani hajawahi kuhudhuria harambee? Kina mama hupangwa juani tangu asubuhi na leso zao za rangi moja. Mheshimiwa akifika saa nane, huimba na kucheza mpaka vumbi linapanda hadi kwenye hema la wageni. Noti hutolewa, hutangazwa kwa kipaza sauti, watu hupiga makofi. Jioni wachezaji hupewa soda na mkate, wakarudi nyumbani kwa miguu. Walioitisha pesa kwa jasho lao na wale wanaohitaji pesa ni watu walewale, lakini kitabu cha hesabu hakijawahi kupita mikononi mwao.

Hofu yangu kuhusu matamasha ya watoto maskini ni hiyohiyo. Mtoto wa Korogocho akialikwa kwenye hoteli ya kifahari, tangazo linalomtangulia ni lipi? Kwamba anapiga klarineti vizuri, au kwamba anatoka jaani? Likiwa la pili, basi kinachouzwa pale si muziki tena. Nasema hivi nikijua kwamba wengi wa vijana hawa, waliopiga mbele ya marais na wageni wakubwa, wamefika mahali ambapo unaweza kufumba macho, ukasahau wanakotoka, na bado ukaona tikiti yako haikukupunja.

Katika ua uleule wa kanisa, sanaa nyingine ilikuwa imejaribiwa kabla ya fidla. Alex Zanotelli, padre wa Kiitaliano wa shirika la Comboni, aliishi ndani ya Korogocho kwa zaidi ya miaka kumi hadi 2001, si katika nyumba ya mapadre ya mawe bali kibandani kama majirani. Wakati huo, katika miaka ya 1990, kulikuwa na kikundi cha kazi za mikono kilichoitwa Bega kwa Bega. Kina mama walisuka na kushona, bidhaa zikavuka bahari kwenda kuuzwa Italia kwa wanunuzi waliokubali kulipa bei ya haki. Hapo hapakuwa na jukwaa wala hotuba. Palikuwa na kikapu, bei, na mama aliyekisuka.

Hiyo ndiyo njia ya pili ya sanaa kuleta pesa: badala ya kucheza ili mwingine achangiwe, unatengeneza kitu na kukiuza. Ukitaka kuiona njia hiyo ikiwa imekomaa, tena imezeeka, itabidi uiage Nairobi siku nyingine na uende Wamunyu.

Wamunyu iko katika Kaunti ya Machakos, kwenye barabara inayotoka mjini Machakos kwenda Kitui. Ni nchi kavu, ya mvua za kubahatisha, ambako shamba likikataa hukataa kweli. Mtu wa hapa, Mutisya Munge, alichukuliwa na Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia akapelekwa Tanganyika. Huko alijifunza kuchonga vinyago vya kuuza. Wakamba walikuwa wakichonga tangu jadi, vigoda na vyombo vya nyumbani, lakini hawakuwa wamefikiria kumchonga twiga na kumpa bei. Munge alirudi na maarifa hayo, akaanza na jamaa zake. Vita vya Pili vilipofika na Nairobi ikajaa askari wenye mishahara na hamu ya kupeleka kitu kwao, wachongaji wa Wamunyu walikuwa tayari.

Tangu hapo tezo halijanyamaza. Fika asubuhi uone vibanda vya wachongaji: vumbi la mbao, wazee waliokaa chini wameshikilia kigogo kwa nyayo, vijana na kina mama wakisugua kwa msasa, na harufu ya rangi ya viatu, kwa maana weusi wa vinyago vingi unaouona madukani haukutoka porini bali kwenye kikopo. Karo nyingi za sehemu hii zimelipwa kwa vifaru.

Hata njia hii ina gharama yake, na iliyolipa kwanza ni miti. Mpingo na muhugu vilikatwa mpaka ikabidi vifuatwe mbali sana. Katika miaka ya 1990 watu wa mazingira walianza kuwahimiza wachongaji watumie miti inayokua upesi: mwarobaini wa pwani, mjakaranda, mwembe uliokwisha kuzaa. Wanunuzi walilalamika kwamba mbao ni nyeupe mno. Kikopo cha rangi kikafanya kazi yake.

Gharama nyingine ni mlanguzi. Mchongaji mwenye mtoto aliyefukuzwa karo hana muda wa kubembeleza bei. Anayefika na pesa taslimu asubuhi ndiye anayechukua, na kinyago kilekile utakikuta katika duka la watalii kikiwa kimepanda bei mara kadhaa. Ndiyo maana wachongaji walianzisha vyama vya ushirika, hapa Wamunyu na pia Mombasa, ambako kile cha Changamwe kiliundwa mwaka 1963. Utaratibu wao si wa kupendeza kama tamasha, na hakuna atakayeuandikia wimbo. Kila mwanachama ana nambari yake. Kinyago kikiisha, hupelekwa kwenye chumba cha maonyesho kikiwa na nambari hiyo pamoja na bei. Kikiuzwa, chama hukata fungu lake la kuendeshea shughuli, na kinachobaki ni cha mwenye nambari.

Nimewaza sana juu ya nambari hiyo. Tikiti ya tamasha haina nambari ya mtoto wa fidla. Huwezi kuifuata shilingi elfu yako kutoka langoni hadi kwenye uzi uliofungwa Korogocho. Unaaminiana tu na walio katikati, na katika nchi yetu kuaminiana huko kumetugharimu mengi. Yapo mambo ambayo kinyago hakiwezi, kama vile kumtoa mtoto mdogo jaani alasiri na kumweka mahali salama, na kazi hiyo naiachia fidla. Lakini mwenye fidla angependa kujua, kama mwenye tezo anavyojua, ni kiasi gani kimeingia na kwa jina la nani.

Basi ukifika Wamunyu, msomaji, au ukiwa Mombasa upite Changamwe, usikimbilie simba mkubwa aliyewekwa karibu na mlango. Zunguka. Ukimpenda kifaru mdogo, mgeuze umtazame tumboni au kwenye karatasi aliyofungiwa. Nambari ikiwapo, mpeleke kwa karani. Yeye atafungua daftari lake, ataandika nambari, ataandika bei, kisha atamvingirisha kifaru wako katika gazeti la Jumapili iliyopita na kukupa chenji yako.